Mwanakondoo Aliyeshiba kwa Niaba ya Wilaya

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na ukiikuta kwenye ramani ujue mchoraji kakosea. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna wasomaji wana tabia ya kusoma huku wakiguna, "Haya, tunaijua hiyo." Hamuijui. Mimi niliitumikia miaka kumi na tisa, nikiwa Afisa Umbo wa Wilaya ya Mbugakavu, na bado kuna siku siielewi.

Kazi ya Afisa Umbo nitaieleza, maana watu wameipaka matope mno. Zamani serikali yetu ilipotaka kujua kama wananchi wameshiba, ilituma makarani wawaulize. Karani anapiga hodi, anauliza, "Mmekula?" Nyumba ya kwanza hawajala. Ya pili hawajala. Kijiji kizima hakijala, na wanasema hivyo bila haya, mbele ya mgeni. Mlezi wa Taifa, ambaye moyo wake ni mwepesi kuumia, aliposomewa majibu hayo alikosa raha siku tatu. Siku ya nne akatamka maneno ambayo sasa yamebandikwa juu ya mlango wa kila ofisi: "Binadamu ana tamaa, hafai kuulizwa habari za tumbo lake. Muulizeni kondoo."

Ndipo ikatungwa sheria. Kila mwaka, Siku ya Shibe, kila wilaya inapeleka makao makuu mwanakondoo mmoja aliyepatikana kwa kura, asiyezidi umri wa mwaka mmoja. Majaji wanamtazama umbo. Akiwa amejaa, wilaya imeshiba. Akiwa amekonda, wilaya ina njaa, na kabla ya wiki kwisha malori ya unga yanapelekwa huko bila maswali. Tena kondoo yeyote aliyeandikwa kwenye rejista ya maonyesho anahesabika shahidi wa serikali, hata akifa anafuatiliwa. Sijasikia nchi nyingine inayomheshimu mnyama kiasi hicho.

Kulikuwa na kasoro ndogo tu, nayo ilituhusu sisi Maafisa Umbo, tunaomwandaa na kumpeleka kondoo wa wilaya. Wilaya ikionekana ina njaa, Afisa Umbo wake hupumzishwa. Mwenzangu wa wilaya ya jirani, Bwana Makwinya, alipumzishwa mwaka juzi, na mkewe mpaka leo anaulizia anapumzikia wapi. Kwa hiyo msinihukumu haraka.

*

Mwaka huo mvua haikunyesha Mbugakavu. Sikuandika ukame, kwa kuwa neno ukame lilishafutwa kwenye orodha ya maneno yanayoruhusiwa. Niliandika "jua la ziada". Mahindi yalifika magotini yakasimama, yakatufikiria kidogo, yakafa. Kufikia mwezi wa nane watu walikuwa wanaishi kwa pumba. Kwenye ghala la kinu cha ushirika kulikuwa na magunia ya pumba yaliyobaki tangu miaka ya neema, na wanakijiji walikuwa wamekubaliana wenyewe: kila nyumba kopo moja kwa siku. Wanaichekecha, wanapika uji, wanakunywa, wanalala. Utaratibu mzuri, ila haukuwa na muhuri.

Kura ya mwaka huo ikamwangukia mwanakondoo wa Sikudhani, mama mmoja wa kijiji cha Kisimachai. Mumewe alikwenda kutafuta kazi migodini, na migodi ikamkalia kimya. Alikuwa amebaki na kondoo huyo mmoja na binti wa miaka minne anayeitwa Chausiku. Nilimpelekea barua ya pongezi. Hata wino wa barua ile haujakauka vizuri, nikamwona anaingia ofisini na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Bwana Afisa."

"Marahaba, mama Chausiku. Hongera sana. Wilaya nzima inakutazama wewe."

"Ndiyo maana nimekuja. Naomba kondoo aende alivyo."

"Alivyo vipi?"

"Amekonda. Mbavu zake unazihesabu ukiwa barabarani. Akienda hivyo, malori yanakuja. Akienda amejazwa, hayaji. Si ndiyo sheria?"

"Sheria ndiyo hiyo."

"Basi tuifuate, Bwana Afisa."

Nilikasirika, sifichi. Mwananchi akiijua sheria kupita kiasi anaiweka ofisi kwenye majaribu. Nikamuuliza kama anataka nipumzishwe. Akaangalia chini. Akasema hana ugomvi na mimi, ila mtoto wake ana siku mbili hawezi kusimama. Akamshusha mgongoni ili nimwone. Nywele za mtoto zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, miguu myembamba, na tumbo limetangulia mbele. Nikasema, kwa nia njema kabisa, "Mbona tumbo limejaa?"

Sikudhani alimbeba tena mtoto wake, akatoka. Hata kuaga hakuaga.

*

Wiki hiyohiyo ukaja Waraka Namba Arobaini, Kuhusu Matumizi ya Kirutubisho cha Nyuzinyuzi katika Kuboresha Umbo la Wanakondoo wa Maonyesho. Niliusoma mara tatu, maana uliandikwa na mtu aliyesoma. Ulisema hivi: kumnenepesha mwanakondoo kunataka miezi na majani, na vyote viwili nchi haina. Kumjaza kunataka siku tisa. Mpe nyuzinyuzi kavu kwa wingi, mnyime maji siku ya mwisho, kisha asubuhi ya maonyesho mpe ndoo ya maji yenye chumvi. Nyuzinyuzi zitavimba, ubavu utatoka nje, mashimo ya nyonga yatajifukia, na mstari kutoka bega hadi paja utanyooka. Waraka ulikiri kwa uaminifu kwamba nyuzinyuzi hazileti nyama. Zinaleta umbo, na nyama haikuwa imeulizwa.

Mtu wa kale atasema: lakini jaji akimpapasa mgongo atakuta mifupa. Hilo nalo lilishafikiriwa. Zamani kweli majaji walikuwa wakipapasa, kisha ikagundulika kwamba mkono una fitina. Sasa wanatazama kwa macho, kutoka hatua saba, na mgongo wa kondoo unafunikwa kwa bendera kwa ajili ya heshima.

Pamoja na waraka lilikuja gunia moja lililoandikwa KIRUTUBISHO. Nililifungua mbele ya mashahidi. Ndani kulikuwa na karatasi: kirutubisho kimekwisha, kila wilaya itengeneze chake kwa vitu vilivyopo, pumba sehemu tatu, magunzi ya kusaga sehemu mbili, molasi kidogo ya kumvutia mlaji. Wajazwe pia wanakondoo arobaini wa akiba, endapo wa kwanza atafanya usaliti wa kufa njiani.

Sasa, pumba ya kujaza kondoo arobaini na mmoja kwa siku tisa ilikuwa wapi Mbugakavu? Ilikuwa kwenye ghala la kinu, penye foleni ya watu wenye makopo. Nikaenda na askari wawili na kufuli. Nikawasomea waraka wote, hata tanbihi. Hawakupiga kelele. Walisimama tu na makopo yao mpaka askari alipofunga mlango, kisha wakaendelea kusimama. Mzee mmoja akaniuliza kesho waje saa ngapi. Nikamwambia kesho ni zamu ya kondoo.

Kanuni inasema mwenye mnyama amlishe kwa mkono wake mwenyewe, ili mnyama asihangaike. Kwa hiyo kila asubuhi Sikudhani alikuja kwenye zizi la wilaya, akapiga magoti, akamlisha mwanakondoo wake pumba konzi kwa konzi, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti na daftari. Mara nyingi kondoo alikuwa anageuza kichwa, hataki. Ikabidi Sikudhani amshike taya amsukumie.

Siku ya nne nilimwona anafunga kitu kwenye pindo la khanga. Konzi moja, labda moja na nusu. Aliponiinulia macho, mimi nilikuwa ninatazama paa. Kwenye ripoti niliandika kwamba upungufu umesababishwa na panya. Huo ndio wema pekee nilioufanya mwaka ule, na mpaka leo naogopa utagunduliwa.

*

Siku ya Shibe uwanja ulijaa. Bendi ilipiga, mawaziri walikaa kwa kufuata upana wa vitambi, na Mlezi wa Taifa akahutubia saa mbili na nusu juu ya wembamba kama silaha ya maadui. Alisema hakuna taifa lililowahi kuendelea likiwa na mbavu. Alisema mkoloni alipotukuta tulikuwa tumejaa, akatukondesha, na kwamba kila mtu anayeonekana amekonda leo ajiulize anamtumikia nani. Watu wengi walivuta pumzi wakatoa matumbo nje.

Wanyama wakaingia. Wa wilaya nyingine walikuwa wamejazwa pia, lakini kwa haraka, bila kufuata vipimo; mmoja alikuwa amejaa upande wa kushoto peke yake. Wetu alikuwa wa kupigiwa mfano. Alitetemeka miguu, kweli, na tumbo lake lilikuwa linanguruma mpaka bendi ikalazimika kuongeza sauti. Jaji Mkuu wa Mbavu alisimama hatua saba, akafumba jicho moja.

"Ubavu wa kulia, timilifu. Ubavu wa kushoto, timilifu. Mgongo," akasema akiitazama bendera, "tunaamini." Akampa alama mia moja na mbili kati ya mia moja.

Nililia. Nasema kweli, nililia kwa furaha, kwa kuwa nilijua nitarudi nyumbani.

Mwenye mshindi hupewa karatasi asome kwenye kipaza sauti. Imeandikwa maneno mawili: Tumeshiba, tunashukuru. Sikudhani aliipokea, akaikunja, akaishika mkononi. Nilimwona anatafuta jukwaani uso wa Mlezi, akaupata, akaanza kusema naye kama mtu anavyosema na mkubwa wa ukoo wake.

"Mheshimiwa baba yetu, huyu kondoo hakula majani. Kwetu majani hakuna. Alikula pumba. Pumba hiyo ndiyo tuliyokuwa tunakula sisi. Alipopewa yeye, sisi tukakaa tu. Nina mtoto nimemwacha kwa jirani, hawezi kusimama. Nilikuwa naomba malori."

Mimi jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi. Niliona miaka yangu kumi na tisa inaondoka, na nikamwona Bwana Makwinya ananisogelea na mkeka wake wa kupumzikia.

Mlezi akainuka taratibu. Alitoa leso, akajifuta jicho.

"Mmesikia?" akasema. "Mmesikia wenyewe, si maneno yangu. Kuna wilaya hapa kondoo anatafuna majani makavu. Mbugakavu kondoo anakula chakula cha watu! Na watu wenyewe wametosheka, wamekaa. Mtoto wa huyu mama hata kusimama hasimami, asimame aende wapi, akatafute nini? Na bado wanaomba malori. Kwa nini? Kwa sababu mwenye shibe hapendi kula peke yake. Wanataka malori ya kubebea, wawapelekee ndugu zao wa wilaya nyingine."

Watu wakasimama, wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka. Sikudhani alisema, "Sivyo, baba, sivyo," mimi nilimsikia kwa kuwa nilikuwa karibu, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshahamia kwa bendi. Hapohapo Mbugakavu ikatangazwa Wilaya Karimu, na malori saba yakaidhinishwa.

Njiani kurudi mwanakondoo alilala kwenye sakafu ya gari, tumbo limekaza kama ngoma, akafa kabla hatujavuka mto. Kondoo mshindi hafi, anastaafu, kwa hiyo tukamzika kando ya barabara kwa heshima zote, na bendera yake juu. Sikudhani aliomba tumpasue kwanza. Nikamwambia ni mali ya serikali. Alisimama akilitazama lile tumbo mpaka udongo ulipolifunika. Nilijua anatazama nini, na nilitamani mashimo ya serikali yachimbwe kwa haraka zaidi.

*

Malori yalifika Jumatatu. Watoto wa shule ndio walioyaona kwanza kwenye kona ya mlima wakaja wanakimbia, na kijiji kizima cha Kisimachai kikatoka na ndoo, masufuria, mabeseni, hata walioshindwa kutembea walibebwa. Akina mama walipiga vigelegele. Mzee yule wa kopo alikuja amevaa kanzu. Dereva wa lori la kwanza akateremka, akafungua bodi la nyuma, na ndani hamkuwa na kitu.

"Mzigo uko wapi?" akauliza. "Tumeambiwa mna mchango."

Madereva walisomba mbegu. Ndiyo chakula pekee kilichokuwa kimebaki, mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya mafiga, meusi kwa moshi, ambayo mtu wa Mbugakavu hayagusi hata kwa njaa, maana ukila mbegu umeila na kesho. Wakasomba na kondoo arobaini wa akiba. Nilitia sahihi. Dereva mmoja hakuweza kuniangalia, na mimi sikuwa na haja ya kuangaliwa.

Kesho yake asubuhi Sikudhani akaja ofisini. Hakunisalimia. Alimlaza Chausiku juu ya meza yangu, katikati ya mafaili.

"Nimekuja kuandikisha," akasema.

"Kondoo mwingine?"

"Huyu. Mwandike kondoo."

Nikamwambia asinifanyie mzaha saa za kazi.

"Si mzaha. Mtu akikonda mnasema ana tamaa. Kondoo akikonda yanakuja malori. Mwandike kondoo, umpeleke kwa majaji wamtazame. Hahitaji kujazwa kitu. Watazame tu, hata hizo hatua saba zinatosha."

Nitasema kweli: sikucheka. Nilifungua rejista nikachukua kalamu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, pengine ni mazoea ya mkono. Jina: Chausiku. Jinsia: jike. Rangi ya manyoya: kahawia. Nikamuuliza umri.

"Minne."

Nikaweka kalamu chini. "Mama Chausiku, kanuni inasema usizidi mwaka mmoja."

"Andika mmoja."

"Siwezi kuandika uongo kwenye rejista ya serikali."

Akanitazama, mimi mwenye kondoo wa alama mia moja na mbili. "Mnyanyue, basi," akasema. "Wewe umezoea kupima. Mnyanyue uniambie ana miaka mingapi."

Nilimnyanyua. Alikuwa na joto, na alikuwa mwepesi kuliko mwanakondoo yeyote niliyewahi kumbeba. Aliushika ukosi wa shati langu kwa vidole viwili. Ningeweza kuandika mmoja. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi sana, na kila mara naona ningeweza. Nikamrudishia mama yake, nikamweleza utaratibu wa kukata rufaa.

Mtoto alifariki Alhamisi.

*

Ningekuwa nimemaliza hapa kama si ukaguzi. Mkaguzi wa Rejista alikuja baada ya wiki mbili, kijana nadhifu mwenye miwani. Akahesabu: kondoo mmoja mshindi, amestaafu. Arobaini wa akiba, wamechangwa. Kisha kidole chake kikasimama.

"Kuna wa arobaini na mbili. Chausiku, jike, kahawia. Hana umri. Yuko wapi?"

Nikasema amekufa. Akavua miwani, maana kifo cha kondoo wa rejista lazima kichunguzwe. Katika Kisimachai peke yake nilikuwa nimezika, nikihesabu na wazee, watu ishirini na sita mwaka ule, na hakuna aliyewahi kuja kuuliza. Kwa Chausiku alikuja mkaguzi mwenye gari. Akaagiza mmiliki aitwe.

Sikudhani alifika akasimama mlangoni. Mkaguzi akamuuliza kama ni yeye mwenye marehemu, akajibu ni yeye. Akamuuliza amemzika wapi, akaelekeza kwa mkono. Kisha mkaguzi akanigeukia mimi, kwa sababu umbo husemwa na afisa wa umbo, mwingine hasikilizwi.

"Swali la mwisho," akasema. "Wakati anakufa alikuwa amekonda au amejaa? Ukisema amekonda, wilaya inafunguliwa upya, na malori yataletwa."

Nilimtazama Sikudhani. Hakuwa na chuki usoni, ningeiweza chuki. Alikuwa ananisubiri tu. Nyuma yake, nje, watu wa Kisimachai waliokuwa wamesikia habari ya mkaguzi walikuwa wamekaa chini kivulini mwa ukuta wa ofisi na makopo yao. Niliwajua wote kwa majina. Niliogopa, ndugu zangu. Sina neno zuri zaidi la kuliweka hapo.

"Alikuwa amejaa," nikasema.

Mkaguzi akaandika. Akamwambia Sikudhani asogee athibitishe kwa kidole gumba, kama mmiliki. Hakusogea, kwa hiyo nikamshika mkono nikamleta mezani, nikakichovya kidole chake kwenye wino nikakiweka kwenye karatasi. Alama haikutokea. Kidole hakikuwa na nyama ya kushika wino, ikabidi tukibonyeze mara ya pili.